Tupeane uzoefu: Tunawafundishaje watoto kujiokoa na moto kwa vitendo?

Mleta mada

Ndugu wazazi, walimu na walezi, naomba tupeane uzoefu wa jambo ambalo kwa muda mrefu tumeliachia mabango ya ukutani. Moto wa Sekondari ya Kyanguli, Machakos, mwaka 2001 uliua wanafunzi 67. Ule wa Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, Kyerwa, mwaka 2020 uliua 10. Na ule wa Hillside Endarasha, Nyeri, mwaka 2024 uliua 21. Mioto yote mitatu iliwakuta watoto bwenini usiku, na ndiyo maana siamini kwamba somo la mchana, watoto wakiwa wamekaa kwenye madawati, linatosha.

Mtaani kwetu tuliwaomba askari wa zimamoto wa wilaya waje kuwafundisha watoto siku ya Jumamosi. Gari lao lilishangiliwa sana, lakini kilichowaingia watoto ni zoezi la darasani: walifungwa vitambaa machoni, wakatakiwa kutoka kwa kutambaa, kwa kuwa moshi wa moto hupanda na hewa yenye nafuu hubaki karibu na sakafu. Walifundishwa kufuata ukuta mmoja bila kuuachia, na kuugusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla ya kuufungua, ili kujua kama una joto. Wale wakubwa, waliokuwa wamejibu maswali yote kwa ufasaha, walisimama wima mara tu walipofungwa vitambaa! Ilibidi warudie mpaka miili yao ikazoea. Kwenu mmefanyaje?

Mlezi wa bweni, Singida

Asante, mleta mada. Sisi hufanya zoezi usiku, baada ya kuwaarifu wazazi, na tumeona mambo ambayo mchana hayaonekani: wakubwa hukimbilia matranka yao, wadogo huingia chini ya vitanda. Kwa hiyo tulimwomba askari avae barakoa yake ya kupumulia mbele ya wale wadogo, wamsikie anavyopumua na kumshika mkono, kwa sababu mtoto anayemwogopa mwokoaji humkimbia au hunyamaza anapoitwa. Naongeza hili kwa msisitizo: mtoto hata afundishwe vipi, hawezi kupita dirisha lenye nondo wala mlango uliofungwa kwa kufuli nje. Kabla ya kumfundisha mtoto kutoka, mtu mzima ahakikishe pa kutokea papo.

Mama wa watoto watatu, Temeke

Katika mafunzo ya kata yetu watoto walipewa simu isiyo na laini wakaigiza kupiga 114, namba ya dharura ya zimamoto. Karibu wote walisema "nyumbani kwetu kunaungua" wakakata. Siku hizi wanangu wanataja mtaa, msikiti ulio jirani, na aliyebaki ndani, kisha wanasubiri waulizwe. Walifundishwa pia kwamba wakisikia harufu ya gesi wasiguse swichi ya taa, watoke wakawaite wakubwa, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Nguo ikishika moto: simama, lala, funika uso, bingirika. Nilifurahi zaidi mdogo wao alipoungua kidogo kwa chai na bibi yao akaleta dawa ya meno, binti yangu akasema kwa adabu, "Bibi, tulifundishwa kwanza maji ya bomba, dakika 20." Bibi akakubali.

Mwalimu wa elimu maalumu, Moshi

Naomba tusiwasahau watoto viziwi, kwani kengele haiwafikii. Kwetu kila mmoja ana mwenzake wa kitanda cha jirani anayemwamsha kwa kumgonga begani mara tatu, na ishara ya moto hufundishwa bweni zima, wanaosikia na wasiosikia. Katika zoezi tunabadilisha wenza, ili asiwepo anayemtegemea mtu mmoja ambaye huenda usiku huo yuko zahanati.

Mleta mada

Hili la wenza nalipeleka kwenye kamati ya shule Jumatatu. Wengine karibuni, hasa mliojaribu na watoto wa chekechea.