Naomba ushauri: Land Cruiser ya mkononi au mpya ya kukodi kwa mkataba?

Habari zenu wakuu. Nalima vitunguu Mang'ola, na kila wiki napanda kwenda Karatu. Masika ni tope tupu, kiangazi vumbi.

Nimepata Land Cruiser hardtop ya mkononi, injini 1HZ, dizeli ya lita 4.2. Mafundi wa huku wanaijua vizuri na spea zipo. Ila chasisi imeanza kutu, na hilo linaninyima usingizi.

Pia kuna kampuni inakodisha mpya kwa miaka 3. Sevisi ni juu yao, lakini kilomita zina kikomo na mwisho gari narudisha. Tena wanataka hela kila mwezi, wakati mimi hela naiona msimu wa mavuno tu.

Mliopitia haya, kutu ya chasisi inachomeleka ikadumu, au niachane nayo?