Naomba ushauri: viko vitatu vya marehemu babu, nivisafisheje bila kuviharibu?

Kijana wa Kibosho

Habari za jioni wakuu. Babu mzaa mama alifariki mwaka jana, na katika kugawana vitu vyake mimi nikaangukiwa na kisanduku cha viko ambacho wajomba hawakukitaka. Sivuti na sina mpango wa kuvuta, kwa hiyo wale wa "tumbaku inaua" nawaomba radhi mapema. Nataka nivisafishe nivipange kabatini, na Mungu akijalia nitafute vingine vya zamani nianze kukusanya.

Cha kwanza kichwa chake kimevishwa ngozi nyeusi iliyoshonwa. Kwa ndani kwenye ukingo panaonekana kitu cheupe kama chaki kilichogeuka rangi ya chai. Kimeandikwa KIKO, kina alama ya tembo, na chini MADE IN TANGANYIKA.

Cha pili ni cha mti, mistari yake inavutia sana. Kina pete kama ya fedha yenye vialama vinne vidogo. Mdomo wake mweusi umegeuka kijani fulani cha uchafu, unanuka kiberiti, una alama za meno, na umekwama hautoki.

Cha tatu ni cha mti pia, kimeungua ukingo, mdomo wa njano mpauko.

Jirani anasema niloweke vyote usiku kucha kwenye maji ya moto na sabuni. Dalali mmoja wa vitu vya kale ameshaniambia elfu hamsini kwa vyote. Nifanyeje?

Baba Tusker

Loweka kwenye gongo mkuu. Asubuhi viko vimetakata na wewe una kinywaji.

(Natania, msije mkampeleka kijana wa watu hospitali.)

Fundi Saa Ilala

Mdogo wangu, usiloweke kitu chochote. Hivyo ni viko vya vitu tofauti na kila kimoja kina dawa yake. Anayekupa dawa moja kwa vyote hajawahi kushika hata kimoja.

Naanza na cha pili maana ndicho rahisi. Huo mti ni braya, uvimbe wa mzizi wa kichaka kinachoota kandokando ya Bahari ya Mediterania. Unastahimili moto, ila ukiuloweka unavimba na ukikauka unapasuka. Mdomo ni vulkanaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa. Jua na unyevu vikiupiga miaka mingi ile salfa inatoka juu, ndiyo hiyo harufu ya kiberiti na hiyo rangi.

Kuutoa: tia kiko kizima kwenye mfuko wa plastiki, weka friza nusu saa, kisha zungusha polepole huku ukivuta. Usiupinde upande kama unavunja muwa. Ukigoma, rudisha friza.

Ukishatoka, usafishe kwa msasa wa maji: anza namba 400, nenda 800, 1000, umalizie 2000, kila hatua ukilowesha. Halafu dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa cha pamba, mwisho tone la mafuta ya zeituni. Sasa sikiliza hapa: ile sehemu ambayo mdomo unakutana na mti usiisugue mdomo ukiwa peke yake. Kata kipande cha plastiki ngumu, kitoboe, kikae katikati kama washa (ile pete bapa inayokaa chini ya nati), ndipo usugue. Bila hivyo kingo zinakuwa za mviringo na hautakaa tena bila kuacha ufa. Viko vingi vizuri vimeuliwa pale.

Na popote penye maandishi msasa usifike. Kiko kisicho na maandishi ni mti tu.

Msafiri Longido

Hicho cha kwanza mkuu usikiuze kwa hela ya mbuzi. Kile cheupe ni jiwe, linaitwa mirishamu, na la kwako limechimbwa huku huku kwetu. Watu wakisikia mirishamu wanawaza Eskişehir kule Uturuki, kumbe bonde la Amboseli, mpakani mwetu na Kenya, linalo pia, na machimbo ya upande wetu yako Sinya, wilaya ya Longido. Viko vilitengenezwa Arusha na Tanganyika Meerschaum Corporation. Jiwe lingine lilisafirishwa hadi Laxey, kisiwa cha Man, likachongwa huko na kuuzwa Ulaya.

La kwetu ni zito kuliko la Waturuki, ukikishika utakiona kizito. Na hayo maandishi ya Tanganyika yanakupa umri: jina hilo liliondoka 1964, kwa hiyo kiko chako ni cha kabla ya hapo au cha mwaka huo huo. Vya baadaye vimeandikwa Tanzania.

Kuhusu kusafisha: jiwe hili hata kavu ukucha unalikwaruza. Wachongaji hulilowesha makusudi ili lilainike ndipo walichonge. Sasa piga picha linalala kwenye maji ya moto usiku kucha, tena na ngozi juu yake.

Kijana wa Kibosho

Duh. Jirani nimemshukuru kwa mbali. Sasa ule ukoko mweusi wa ndani nautoaje?

Msafiri Longido

Mkavu kwa mkavu. Msasa laini uliozungushwa kwenye penseli, unazungusha taratibu, unamwaga unga, unaangalia, unarudia. Kisu hapana, ukikita tu umetoboa. Spiriti hapana. Ukiona jiwe, acha. Hata kama limebaki la kahawia. Hiyo rangi wenyewe wanaitafuta, inakuja kwa miaka ya kuvuta, usiipaushe. Ngozi ifute na kitambaa kikavu na rangi ya viatu isiyo na rangi, kidogo sana.

Na angalia mdomo wake kabla hujauzungusha, baadhi vina nyuzi kama boliti.

Mama Shanga, Mombasa

Mimi nanunua na kuuza vitu vya kale, na kilichonishtua ni hicho cha tatu. Mdomo wa njano mpauko unaweza kuwa plastiki, pembe ya ng'ombe, kaharabu, au pembe ya ndovu. Kabla hujapiga picha ukaitupa mtandaoni, chukua tochi na kioo cha kukuzia uangalie pale ulipokatwa mwishoni. Ukiona mistari myembamba inayokatana kama wavu, hiyo ni ndovu.

Ikiwa ndovu usiuze, usitume nje, nenda ofisi ya wanyamapori uulize. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku 1989, na huku kwetu Kenya kama huko kwenu, ukikutwa nayo bila kibali ni kesi. "Nilirithi kwa babu" haitakusaidia.

Vile vialama vinne vya pete, kuna picha ya nanga?

Kijana wa Kibosho

Nimeangalia kwa tochi. Mdomo wa njano hauna mistari ya wavu, una nyuzinyuzi zinazokwenda urefu tu, kama kucha nene. Kwenye pete: herufi mbili, simba anatembea, nanga, na herufi ndogo moja.

Mama Shanga, Mombasa

Alhamdulillahi, hiyo si ndovu, inaelekea ni pembe ya ng'ombe, lala usingizi. Na pete ni fedha kweli. Simba anayetembea ni fedha ya 925 ya Uingereza (sehemu 925 kwa kila 1000 ni fedha halisi), nanga ni ofisi ya kupima fedha ya Birmingham, herufi mbili ni za mtengenezaji, na ile moja ni ya mwaka. Herufi za mwaka hujirudia, kwa hiyo tazama pia umbo la ngao iliyoizunguka. Ingekuwa imeandikwa EP ningekwambia ni maji ya fedha tu yamepakwa.

Elfu hamsini haifiki hata bei ya pete hiyo, mwanangu. Huyo dalali ameiona pete kabla yako.

Mzee wa Mkunazini

Kijana, ukianza kukusanya usikimbilie vya Wazungu peke yake. Wazee wetu walivuta kiko cha maji: kifuu cha nazi au kibuyu kidogo, digali (kijiti chenye tundu) limesimama juu yake, bori la udongo la kutilia tumbaku kileleni, na shilamu, yaani mrija wa kuvutia. Bori za udongo bado zinaokotwa mashambani. Nyumba nyingi huku vimetupwa juu ya dari, hakuna anayevitaka. Uliza kwa adabu tu utapewa.

Doto Mbao

Kwa braya mimi hujaza chumvi ya mawe ndani, natia spiriti matone matone, nalaza usiku. Asubuhi chumvi imekuwa kahawia na harufu imekwisha.

Fundi Saa Ilala

Doto, chumvi siiungi mkono. Ikiingia shingoni inafyonza unyevu na inavimba, nimeletewa shingo zimepasuka. Tumia pamba badala yake, kazi ni ile ile. Spiriti iwe safi, ile ya rangi ya bluu usiiguse. Na kwenye braya ukoko usiutoe wote, bakiza unene wa sarafu, ndio unaolinda mti.

Doto Mbao

Mzee mimi miaka yote natumia chumvi na havijapasuka. Tutofautiane kwa amani.

Kijana wa Kibosho

Nitatumia pamba, samahani kaka Doto. Mawili ya mwisho. Mdomo wa vulkanaiti umetoka friza safari ya pili, asanteni sana. Zile alama za meno zinatoka? Na nta ya nyuki ya kawaida inafaa kwa lile jiwe? Ninayo ya Tabora.

Fundi Saa Ilala

Mabonde yanatoka, nyufa hazitoki. Vulkanaiti inakumbuka umbo lake la mwanzo: chovya ncha kwenye maji ya moto yasiyochemka, dakika mbili tatu, utaona bonde linapanda lenyewe. Pitisha kwanza waya mwembamba kwenye tundu ili lisizibe, na ushike ulivyopinda usije ukanyooka. Fanya hivi kabla ya msasa.

Nta ya Tabora inafaa sana, ila ichuje isiwe na takataka. Pasha nta, usipashe jiwe. Paka nyembamba pale penye jiwe wazi tu, ngozini isifike, na ndani ya bori usipake kabisa.