Naomba ushauri: naandika gemu inayotangulia gemu yetu ya kwanza, na mwisho wachezaji wanaujua

Mwandishi wa Usiku
Wakuu, salaam. Nipo kwenye kikundi kidogo cha kutengeneza gemu. Ya kwanza ilimhusu shujaa anayeitwa Mwangwi: akipiga ukelele, ukuta unapasuka. Adui yake ni Kimya, yeye humeza kila mlio unaomkaribia. Sasa tunatengeneza gemu ya miaka ya nyuma, Mwangwi akiwa kijana. Mimi ndiye mwandishi na nimekwama. Kila hatari ninayoandika nawasikia wachezaji wakisema, "Hafi huyu, tumeshamwona ukubwani." Nawezaje kumfanya mtu amhofie shujaa anayejua atapona? Muda umebana, usingizi sipati. Hata wa kunikosoa karibuni.

Naungaunga
Itakuwepo kwenye simu?

Pedi Mkononi
Mkuu, hofu ya kufa haina uzito kwenye gemu yoyote. Shujaa akifa unabonyeza, anarudi. Tafuta inFAMOUS First Light ya 2014. Ilitoka miezi michache baada ya gemu ya Second Son, ila hadithi yake ni ya nyuma. Kwenye Second Son, Fetch, binti mwenye nguvu za ajabu, alishasimulia kwamba alimuua kaka yake akiwa amelewa dawa za kulevya. Kwa hiyo unaingia unajua. Halafu wanakuletea huyo kaka, Brent, mzima kabisa, wanapanga kuondoka waanze maisha mapya. Nilikuwa naburuza misheni makusudi siku ile isifike. Weka hatari kwa wale ambao gemu ya kwanza haina habari zao.

Mzee Kauli
Vijana wangu, mbona kila shujaa wa siku hizi lazima aanze akiwa mhuni? Mfanyeni kijana mwenye adabu, anayesikiliza wakubwa. Watoto wanaiga haya.

Bi Simulizi
Shikamoo Mzee Kauli. Adabu sawa, lakini mtu asipokosea ujanani hatuna cha kusimulia.

Mleta mada, ninaloliogopa ni ugonjwa wa kueleza kila kitu. Niliwahi kuandika mchezo wa redio wenye mama mkali asiyevua kilemba. Ukapendwa, wakubwa wakataka sehemu ya nyuma: kilemba kilitoka wapi, ukali ulianza lini, hata kikohozi chake kielezwe. Nilikataa la kilemba. Tuligombana sana, lakini wasikilizaji waliendelea kukiwaza miaka. Hadithi za nyuma hupenda kumpa kila kovu siku yake ya kuzaliwa. Acha mengine bila asili.

Pedi Mkononi
Kweli dada. Na angalia nguvu zake. Batman: Arkham Origins ya 2013 inatangulia Arkham Asylum ya 2009. Ndani yake Batman anachukua glavu za umeme za adui aitwaye Electrocutioner, na ukizivaa unapiga kila kitu. Kwenye zile gemu ambazo yeye tayari ni mzoefu, glavu hazipo. Kijana ana silaha tamu kuliko mkubwa wake! Mwangwi asije akamzidi Mwangwi.

Fundi Sauti
Swali kwa mleta mada. Gemu ya kwanza, Mwangwi na Kimya wanakutanaje?

Mwandishi wa Usiku
Ahsanteni sana, la First Light limenigusa. Fundi, wanakutana juu ya paa, mwanzoni. Ila kwa sasa shida yangu ni hofu tu.

Fundi Sauti
Wanaambiana nini hapo kwenye paa?

Mwandishi wa Usiku
Maneno ya kawaida ya shujaa na adui.

Fundi Sauti
Ndugu, umeomba ushauri na jibu umelikalia. Yaandike.

Mwandishi wa Usiku
Sawa. Mwangwi anauliza, "Wewe ni nani?" Kimya anajibu, "Hunijui, na hutanijua." Baadaye Mwangwi anamwambia mwenzake kwamba hajawahi kumwona.

Na katika gemu mpya wamelelewa nyumba moja. Wanapendana kama ndugu.

Najua mtasema vinagongana. Ndiyo maana mwishoni Kimya anamfuta Mwangwi kumbukumbu. Onyesho hilo limesharekodiwa, waigizaji walipatikana siku hizo tu. Kikundi kizima kililia tulipolisikiliza. Arkham Origins si walifanya hivyohivyo kwa Bane, adui wa Batman? Sioni kwa nini nilitupe.

Pedi Mkononi
Hapana, hawakufanya hivyohivyo. Bane anagundua Batman ni nani, na kwenye Arkham Asylum hana habari hiyo, kwa hiyo pengo lilihitaji kuzibwa. Lakini ile dawa ya kuongeza nguvu, TN-1, tunaijua kabla, na tunajua inaharibu kumbukumbu. Bane anaitumia mwenyewe, kwa kiu ya kushinda. Analipa kwa akili yake, na ndiyo maana kule mbele tunamkuta kama vile tulivyomkuta. Wewe unamfuta mtu niliyemwendesha mimi. Saa zote nilizocheza unanipokonya.

Jicho Kavu
Ngojeni kwanza. Huyu kaanza kusema amekwama kuandika, sasa mwisho umerekodiwa na watu wamelia. Kikundi hakina jina, gemu ya kwanza haina jina. Hii chai wakuu. Mwanafunzi ana kazi ya darasani, anataka tumwandikie.

Naungaunga
Chai ya moto kabisa 😂 Nilijua tu alipokwepa swali la simu.

Mzee Kauli
Kama ni uongo, kijana, uombe radhi mapema.

Bi Simulizi
Hata kama ni chai, tatizo lake ni la kweli. Mimi najibu tatizo.

Jicho Kavu
Dada, mimi muda wangu simpi muongo. Aweke ukurasa mmoja wa hilo onyesho tuamini.

Mwandishi wa Usiku
Kilichonikwama ni katikati, mwisho tulianza nao kwa sababu ya waigizaji. Jina silitaji kwa kuwa gemu haijatangazwa na mimi si msemaji wa kikundi. Kipande hiki hapa, yote yaliyorekodiwa:

KIMYA: Ukibaki unanikumbuka, watakutafuta.
MWANGWI: Waje.
KIMYA: Mmoja wetu lazima asahau.
MWANGWI: Usifanye hivyo. Nitazame!
(Kimya anainua mkono. Sauti zote zinakatika.)
MWANGWI: Naitwa nani? Niambie, naitwa nani?

Fundi Sauti
Hii si ya darasani, Jicho Kavu. Na mleta mada, dawa unayo mkononi. "Mmoja wetu." Kwa nini awe Mwangwi? Kimya aelekeze mkono kichwani kwake. Hutagusa neno hata moja. "Naitwa nani?" inakuwa Mwangwi anamshika bega nduguye kuona kama bado anamjua.

Rudi sasa kwenye paa. "Wewe ni nani?" anauliza mtu anayejua, anapima kama kumbukumbu imerudi. Na yule anajibu "Hunijui" kwa sababu amesahau kweli. Atakayerudia gemu ya kwanza hatalisikia swali lile kama zamani.

Bi Simulizi
Yesu wangu. Nimesisimka.

Mwandishi wa Usiku
Lakini yule mwenzake aliambiwa "sijawahi kumwona". Mwangwi wangu atakuwa mwongo! Gemu nzima ya kwanza tumemjenga kama mtu asiyedanganya.

Pedi Mkononi
Na hiyo ndiyo katikati unayoitafuta. Mchezaji anajua atakuja kudanganya. Muonyeshe kijana anayechukia uongo, halafu mpe nyumba ya kulinda. Nitamhofia huyo kuliko anayerushiwa risasi.

Mzee Kauli
Kumficha ndugu aliye hatarini, hilo hata mimi ningelifanya.

Mwandishi wa Usiku
Nimelisikiliza tena onyesho na mkono ukielekea kwa Kimya. "Usifanye hivyo" inakaa. "Nitazame" inakaa vizuri zaidi. Tatizo limebaki kwenye "Naitwa nani?", mwigizaji aliitamka kama aliyepotea, anayeuliza kwa dhati. Fundi, hilo tunaweza kulirekebisha bila kumwita tena?

Fundi Sauti
Ile ya kwanza ikate. Ya pili anatamka "niambie" kwanza? Nitumie faili niisikie.