Mtambo wa ITER kule Ufaransa: una matumaini ya kweli?

Mwalimu_Chumbageni
Shikamooni wakubwa. Nafundisha fizikia kidato cha tano hapa Tanga mjini. Nilipoeleza jinsi viini vya haidrojeni vinavyoungana ndani ya jua, kijana mmoja wa Sahare, mtoto wa mvuvi, akauliza: kama deuteriamu, ile haidrojeni nzito inayoweza kuwa fueli, imo baharini, mbona hatuichoti Raskazone tukawasha taa? Nikamtajia ITER, mtambo wa majaribio wa kuunganisha viini hivyo, unaojengwa Cadarache. Mkataba ulisainiwa 2006 na bado haujawaka. Anataka kusomea fani hii. Nimtie moyo?

Fundi_Hale
Marahaba mwalimu. Nimestaafu kwenye umeme wa maji, bonde la Pangani. Kuhusu bahari kijana yuko sahihi: meta moja ya ujazo wa maji ina deuteriamu gramu 33 hivi. Shida ni mwenzake, tritiamu, haidrojeni nzito zaidi ambayo deuteriamu huungana nayo. Hiyo haichotwi popote, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 na ushee. Mtambo wa kuuza umeme itabidi ujitengenezee wenyewe, nyutroni zinazoruka viini vikiungana zikipiga lithiamu, na hilo halijafanyika bado kwa kiwango cha mtambo mzima. Watu wanashangaa joto la nyuzi milioni 150. Mimi naitazama tritiamu.

BintiPangani
Shikamoo mzee. Lakini pesa zote zile, na hautatoa umeme hata wa balbu moja! Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, na tunaziona.

Fundi_Hale
Marahaba binti yangu. Ni kweli, ITER haina jenereta. Kazi yake ni kuonyesha kwamba ukiipasha plazima, yaani ile gesi ya moto mkali ambamo viini huungana, kwa megawati 50, unapata joto la megawati 500. Mpaka sasa mitambo ya aina hii haijarudisha hata ilichopewa. JET, mtambo wa majaribio wa Uingereza, iliweka rekodi 2023, megajuli 69 kwa sekunde tano hivi, na bado joto lililoingia lilizidi lililotoka.

Ucheleweshaji wenyewe una sababu. Mabomba ya kupozea ya ngao za joto yalipata nyufa, na kingo za vipande vya chumba cha plazima hazikulingana. Wakasimama, wakakarabati. Ratiba iliyotangazwa 2024 inasema utafiti uanze 2034, na tritiamu itumike 2039. Mimi niliyelinganisha shafti za turbini naunga mkono kusimama kule. Nyutroni zikishaanza kupiga chuma, chuma chenyewe kinatoa mionzi. Mtu haingii tena, zinaingia roboti. Kosa la leo utalirekebisha vipi?

Mwalimu, mtie moyo, ila asomee vyuma. Chuma cha kuvumilia nyutroni zile miaka na miaka bado kinatafutwa, na 2039 yeye atakuwa na thelathini na kitu.

Mwalimu_Chumbageni
Ahsante sana mzee wangu. Jumatatu nawapa zoezi la lithiamu na nyutroni. Ukija mjini, karibu darasani. Hayo ya shafti nataka wayasikie kwako.