Rekodi ya sitar: wewe ulianza kuielewa lini? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Jana nimesikiliza rekodi ya Nikhil Banerjee, mpiga sitar (ala ya nyuzi ya Kihindi), saa nzima bila kuruka popote. Miaka yote hii kule mwanzo nilikuwa napapeleka mbele, nikijua jamaa bado anakaza nyuzi. Kumbe ndiyo alapu yenyewe: anaitambulisha raga, yaani ule mpangilio wa sauti anaoujengea muziki wake, sauti moja moja, taratibu, tabla (zile ngoma mbili ndogo) bado imenyamaza. Nani mwingine aliingia mkenge?

fundi_redio: Usijilaumu mkuu. 1971, Madison Square Garden, New York, Ravi Shankar na Ali Akbar Khan, magwiji wa muziki wa Kihindi, walikuwa wanakaza nyuzi kweli, walipomaliza ukumbi mzima makofi. Ravi akawaambia kama mmependa kukaza nyuzi namna hii, natumaini muziki wenyewe mtaupenda zaidi. Imo kwenye rekodi ya tamasha lile. Nilicheka peke yangu na pasi ya kulehemu mkononi.

mama_viazi: Sisi wa Mombasa tabla tumeizoea kwenye taarab, kwa hivyo mimi nilikuwa nangoja tabla tu. Marehemu babangu alikuwa na santuri moja ya sitar, upande mmoja dakika ishirini na kitu. Tabla ikija kuingia, sindano iko karibu na katikati. Namwambia, "Baba, si ugeuze?" Ananijibu, "Tulia, hajamaliza kusema."

abiria_wa_mbagala: Kilichonitoa gizani ni tintali, mzunguko wa tabla wa mapigo 16. Unapiga kofi la 1, la 5 na la 13; la 9 hupigi, unapunga mkono mtupu. Siku moja kwenye daladala, spika za masikioni zimekolea, nimefika la 9 nikapunga. Konda akagonga bodi, "Shushaaa!" Nilishuka kwa aibu, vituo vitatu kabla ya kwangu.

😂😂

sielewi_bado: Mimi nasikia nyuki tu jamani.

fundi_redio: Nyuki wako hao ni daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi. Ni pana, uso wake karibu bapa, uzi ukitetema unaligusagusa. Halafu chini ya vyuma vya shingoni kuna nyuzi nyingine, hizo hata asipozichapa zinaitikia zenyewe. Kwa spika ya simu hutazisikia ng'o.

sielewi_bado: Haya, Jumamosi naazima redio ya shemeji. Ila nikimwambia ni saa nzima, atanidai ya umeme.