Binti kapata A ya bendi, GPA (wastani wa alama) ikashuka! Hii akili ya wapi?

Wakuu, nina donge tangu Ijumaa, acha nilitapike hapa.

Binti yangu yuko darasa la 11 huku Texas, anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule. Muhula huu kaleta A tupu, bendi ikiwemo. Nikaanza kutamba. Kufungua ripoti, nafasi yake darasani imeporomoka kutoka ya 19 hadi ya 26 kati ya wanafunzi 400. Nikamuuliza, "Mama, umeteleza wapi?" Akanijibu kwa upole kabisa: "Sijateleza, baba. Ni bendi."

Shule yao inahesabu hivi: A ya somo la AP (somo zito la kiwango cha chuo) ni pointi 5, A ya somo la kawaida ni 4. Bendi haina AP. Yeye ana AP tano na bendi, yaani 25 na 4, jumla 29, gawanya kwa 6: 4.83. Mwenzake ana AP tano zilezile, ila saa ya bendi kachukua kipindi huru, anachezea simu. Huyo ni 25 kwa 5: 5.0 kavu. Aliyesoma zaidi ndiye yuko chini! Wangu saa 12 asubuhi yuko uwanjani kwenye gwaride, mdomo umechubuka, halafu A yake inamgeuka kuwa adhabu. Angeacha kabisa angekuwa juu.

Mtasema namba tu hizo. Texas si namba tu. Tangu 1997 kuna sheria: aliye kwenye 10% ya juu darasani anaingia moja kwa moja vyuo vikuu vya umma vya jimbo. University of Texas pale Austin waombaji wamefurika, wakaruhusiwa kubana. Ikawa 6%, na kwa wanaoanza 2026 ni 5%. Kwa darasa la watu 400 hao ni 20. Wa 19 yumo. Wa 26 anasubiri faili lake lisomwe na mtu asiyemjua.

Nikaenda kwa mshauri wa shule. Kaniambia eti vyuo vinamtazama mwanafunzi mzima, na bendi inaonyesha uvumilivu. Sawa, na vingine kweli havijali GPA ya shule. University of California wanapiga hesabu upya kwa masomo wanayoyadai wao, yanayoitwa A hadi G, mazoezi ya viungo hayamo, na hata pointi za nyongeza za masomo mazito wameziwekea kikomo. NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo, nao wanampima mwanamichezo kwa masomo 16 ya msingi. Lakini nafasi ya darasa haimtazami mtoto mzima wala nusu. Inatazama desimali.

Kinachoniudhi kuliko vyote, sheria haijalazimisha bendi iingizwe. Kila wilaya ya shule inajipangia hesabu yake, na zipo zinazopanga nafasi kwa masomo ya msingi peke yake. Yetu imeona hivi ndivyo haki. Na wazazi tunaambiwa haya mtoto akiwa darasa la 11, si la 9 alipokuwa anachagua masomo!

Jana usiku kaniuliza kama airudishe tarumbeta. Sijamjibu.

Kama wilaya yenu ilitoa bendi kwenye hesabu ya nafasi, semeni mlianzia wapi. Kikao cha bodi ni wiki ijayo, naenda na ile 4.83 yangu mkononi.