Wakulima wa viazi wa Andes na ukame: kipi kinafaa huku Kilimanjaro?

Mfongo_Kibosho
Wakuu, habari za jioni. Nafuatilia habari za Wakechua wa Peru, wale wakulima wa viazi kule Cusco. Barafu yao inayeyuka, mvua za Septemba na Oktoba zinachelewa, mashamba wanayahamishia juu zaidi. Huku nako mifongo (mifereji yetu ya asili ya kumwagilia) inakauka mapema. Wenye ujuzi, wenzetu wameumizwa hasa na nini, na kipi cha kwao tunaweza kukitumia?

Mama_Mbegu
Barafu inatajwa sana, ila usiku wenye joto nao unawatesa. Wana chakula chao cha akiba kinaitwa chuño. Mwezi wa 6 na wa 7 viazi hutandazwa nje vigande usiku, jua la mchana liviyeyushe. Baada ya siku chache vinakanyagwa kwa miguu maji yatoke, kisha vinakaushwa hadi viwe vikavu kabisa. Hapo vinakaa miaka. Baridi ikipungua, kiazi hakigandi hadi ndani: kinalainika tu na kuoza. Yaani mwaka ambao shamba limekataa, na ghala nalo halina kitu. Joto hilohilo linawapandisha fukusi na bakajani chelewa (ugonjwa wa viazi) hadi mashamba yaliyokuwa yakilindwa na baridi. Na huko juu wanakokimbilia udongo ni mwembamba, tena ndiko malisho ya alpaka yaliko.

Fundi_Kontua
Mangi, cha kuiga ni namna wanavyochelewesha maji. Huamantanga, milimani juu ya Lima, kuna mifereji ya kale iitwayo amuna. Wakati wa mvua maji ya kijito huelekezwa kwenye mteremko wenye mawe, yakazama, halafu yakatokea kwenye chemchemi za chini. Vipimo vilivyochapishwa 2019 vilionyesha yanachelewa kwa wastani wa siku 45.

Huku anza na mitaro ya kontua, yaani inayokatiza mteremko kwa usawa, upana sm 60, kina sm 60, udongo utupwe upande wa juu (fanya juu), tuta lishikwe na mabingobingo. Pima usawa kwa fremu yenye umbo la herufi A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukatiza, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kutoka kileleni. Isimamishe, weka alama kamba inapopita, geuza miguu, weka alama ya pili. Usawa ni katikati ya hizo mbili. Ukiruka hatua hii mtaro utainama, maji yatakusanyika sehemu moja na kubomoa tuta. Acha vizuizi vya udongo ndani ya mtaro kila baada ya mita 5 hivi.

Tahadhari: usizamishe maji juu ya nyumba wala kwenye mteremko mkali uliowahi kuporomoka.

Mfongo_Kibosho
Asante sana. Na mbegu? Nasikia wanachanganya aina nyingi.

Mama_Mbegu
Kweli, Hifadhi ya Viazi ya Pisac, hukohuko Cusco, ina aina zaidi ya 1,300, na shamba moja hupandwa aina nyingi ili baridi au ugonjwa usimalize zote. Lakini usiagize viazi vya mtu kutoka nje, utaleta mnyauko bakteria na virusi. Hata wao, aina zilizopotea walirudishiwa zikiwa zimesafishwa virusi na kituo cha viazi cha Lima. Tumia aina mbili au tatu zilizoidhinishwa nchini, kila moja mistari yake, uweze kuvuna kwa wakati wake.

Fundi_Kontua
Nyongeza: ukitaka kuchepusha maji ya mto kuyaingiza kwenye mtaro, pitia kwanza Bodi ya Maji Bonde la Pangani upate kibali. Mitaro inayokinga mvua ya shambani kwako unaweza kuanza kuichimba sasa, kabla ya masika.